Jina la Imanueli: Maana Yake na Asili Yake

Katika majina yaliyotoka katika Maandiko na kuenea pwani ya Ziwa Tanganyika, Imanueli ni moja la yale yanayopendwa. Utalisikia Kigoma bandarini, utalisikia Kibirizi wanapoanika dagaa, utalisikia huko juu Buha, Kasulu na Kibondo, na ng'ambo ya mpaka katika Burundi. Wengine huliandika Imanueli, wengine Emanueli, wengine Emmanuel, na wengine hulikata likawa Manueli. Watu wakiulizwa maana yake, wengi hujibu upesi, "Mungu pamoja nasi," na jawabu hilo ni la kweli. Lakini ukiwauliza tena, "Katika jina hili, Mungu yuko wapi, na 'nasi' iko wapi?" hapo ndipo majibu yanapoanza kutofautiana. Nami nakiri mbele ya wasomaji kwamba kwa miaka kadhaa nilifundisha jibu lisilo la kweli. Yafaa nieleze kwanza jinsi nilivyokosea, maana nadhani si mimi peke yangu.

Waha humwita Mungu Imana, kama vile Warundi na Wanyarwanda wamwitavyo. Siku moja katika darasa la ubatizo mzee mmoja aliniuliza asili ya jina hili, nami nikaona njia rahisi. Nikaandika ubaoni IMANA, na chini yake IMANUELI, nikapiga mstari chini ya herufi nne za mwanzo. Nikasema, "Tazameni, Imana imo humu tangu zamani, Waebrania na Waha wamekutana katika neno moja." Darasa likafurahi, nami nikafurahi kwa kuwa limefurahi. Hakuna aliyeniuliza zile herufi zilizobaki ni nini.

Katika darasa lile alikuwamo mvuvi mmoja ambaye mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto akabatizwa, akaitwa Imanueli, na baba yake akawa akiwaambia jirani zake kwamba mwanawe amevikwa Imana kichwani. Kabla ya kutimiza mwaka mtoto alishikwa na homa, akafa. Matanga yalipokwisha, baba yake alikuja kwangu jioni, akakaa barazani kitambo bila kusema neno, kisha akauliza, "Mwalimu, ulituambia Imana imo ndani ya jina lile. Basi ilikuwa wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Nilifahamu usiku ule ya kuwa maneno yangu yalikuwa yamelifanya jina kuwa hirizi, na kwamba hirizi ile nilimfunga mimi mwenyewe, kwa kutaka kulifurahisha darasa. Ndipo nilipoanza kulichungua jina hili kwa bidii.

Imanueli ni jina la Kiebrania, na kwa kweli ni sentensi nzima, si neno moja. Katika Kiebrania neno *im* ni "na" au "pamoja na". Neno hilo hushikana na kiwakilishi kinacholifuata, kama vile "na" ya Kiswahili inavyoshikana. Sisi twasema nami, nawe, nasi. Waebrania husema *immi, immeka, immanu*. Basi *immanu* ni nasi. Kisha linafuata neno *El*, maana yake Mungu. Ukiyaweka pamoja wapata *immanu-El*: "nasi, Mungu", yaani Mungu yu pamoja nasi. Kwa hiyo jina la Mungu limo katika mkia, si katika kichwa. Kichwani tupo sisi.

Huo mkia wa *El* si mgeni kwa wasomaji. Umo katika Danieli, yaani Mungu ni mwamuzi wangu. Umo katika Mikaeli, yaani ni nani aliye kama Mungu. Umo katika Betheli, nyumba ya Mungu. Katika Elisha umetangulia mbele, maana yake Mungu ni wokovu. Hata Mwislamu wa Ujiji aitwaye Ismaili anauchukua mkia huo huo, kwa kuwa Ishmaeli maana yake Mungu asikia; kadhalika majina ya malaika Jibrili na Mikaili. Majina ya manabii kama Ibrahimu, Yusufu na Daudi yalikuwa yakiitwa mjini Ujiji kwa vinywa vya Waislamu kabla wamisionari wa London hawajafika mwaka 1878, na Mapadre Weupe mwaka 1879. Lakini Imanueli halimo katika Kurani. Jina hilo limekuja kwetu kwa njia ya Wakristo, na pengine ndiyo sababu lilikosa wazee wa kulieleza, likaelezwa kwa kubahatisha.

Sasa na tulitazame neno Imana. Katika Kirundi, na katika Kiha kilicho ndugu yake, herufi *i* ya mwanzo ni kiambishi, na mwili wa neno ni *mana*. Jambo hili laonekana wazi katika jina Ndikumana, maana yake "niko kwa Mungu": lile *i* limeanguka, ikabaki *mana*. Basi neno hili hukatika kati ya *i* na *mana*, bali Imanueli hukatika kati ya *immanu* na *El*. Ni kama mitumbwi miwili iliyopakwa rangi moja: ukiwa mbali huitofautishi, lakini ukikaribia waona kwamba mbao zake hazikuungwa mahali pamoja. Imana ni neno la Kibantu, Imanueli ni la Kiebrania, na kufanana kwao ni kwa sauti tu. Wala mtu asilete hapa mana ya jangwani, kwa kuwa hiyo nayo ni habari nyingine.

Liko kosa la pili, nalo nimelisikia zaidi kwa vijana wa mjini. Husema Imanueli ni "imani", na wengine humwita Imanueli nyumbani kwa jina la Imani. Neno imani tumelipata kwa Waarabu, nalo lina ndugu wengi katika Kiswahili: amini, amani, amana, mwaminifu. Wote hao ni watoto wa shina moja lenye maana ya kuwa thabiti na salama. Waebrania nao wana shina hilo hilo, na kwao ndiko lilikotoka neno tunalomalizia sala zetu, Amina. Kwa hiyo imani na Amina ni ndugu kweli kweli, lakini Imanueli si wa nyumba yao. Imani kwa Kiarabu huanza kwa alifu. Imanueli kwa Kiebrania huanza kwa herufi iliyo sawa na ain ya Waarabu. Sisi katika kuandika Kiswahili tumeziacha herufi hizo mbili zikapotea, lakini mtoto asomaye chuoni Ujiji hawezi kuzichanganya. Yeye ajua kwamba "amri" huanza kwa alifu na "umri" huanza kwa ain, wala hakuna atakayesema kwamba umri na amri ni neno moja kwa kuwa yanafanana masikioni.

Tena wako wanaoshindana juu ya herufi ya kwanza, kama ni I au E. Ugomvi huu hauna haja. Kiebrania husomwa kwa I. Wayahudi walipoyafasiri Maandiko kwa Kiyunani, jina liliandikwa kwa E, na Mathayo aliyeandika kwa Kiyunani akalishika hivyo, Walatini wakafuata. Kwa hiyo Imanueli ni njia ya Kiebrania na Emanueli ni njia ya Kiyunani, na zote mbili ni halali. Mwanafalsafa mashuhuri wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliyezaliwa mwaka 1724, alibatizwa kwa jina la Emanuel. Alipojifunza Kiebrania alilibadili mwenyewe akaandika Immanuel. Manueli nalo ni jina lile lile lililopungukiwa kichwa. Wayunani wa Konstantinopoli walikuwa na makaisari walioitwa Manueli, na mfalme wa Ureno aliyezituma merikebu za Vasco da Gama, zilizofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, alikuwa Manueli wa Kwanza. Lakini msomaji aangalie: mwenye kulikata kichwa ameondoa sehemu ya neno la "pamoja nasi", na maana haionekani tena.

Yatupasa sasa kuuliza jina hili lilinenwa lini na kwa ajili ya nini, maana asili ya jina si herufi zake tu. Karibu na mwaka 735 kabla ya Kristo, mfalme wa Shamu na mfalme wa Israeli walifanya shauri moja, wakapanda kupigana na Yerusalemu. Ahazi alikuwa mfalme wa Yuda, naye na watu wake wakatetemeka kwa hofu. Isaya alitumwa kwenda kumlaki kwenye mfereji wa birika la juu, akamchukua mwanawe aliyeitwa Shear-yashubu, yaani "mabaki watarudi". Angalieni kwamba hata mtoto huyo alikuwa na jina lililo sentensi. Ahazi hakutaka kuomba ishara, naye Isaya akamwambia kwamba Bwana mwenyewe atatoa ishara: mtoto atazaliwa, ataitwa Imanueli. Lakini Ahazi alitumaini msaada mwingine. Alitwaa fedha na dhahabu za hekalu, akazipeleka kwa Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru. Kweli Ashuru akaja, akaiangusha Dameski mwaka 732. Lakini baadaye huyo msaidizi alikuwa mzigo mzito kwa Yuda kuliko wale adui wawili.

Na hapa pana jambo ambalo sikuwa nimelitambua siku zote nilizokuwa nikifundisha. Katika sura ya nane Isaya analitaja jina hili mara ya pili. Anasema juu ya Ashuru kama juu ya mto mkubwa uliofurika, ukapita kingo zake, ukaingia Yuda, maji yakafika shingoni. Na papo hapo, katikati ya gharika hiyo, anamwita Imanueli mwenye nchi. Mistari miwili mbele yake maneno yale yale ya Kiebrania yanarudi mara ya tatu, lakini safari hii hayasimami kama jina la mtu. Yanasimama kama sababu inayoyavunja mashauri ya mataifa. Basi jina hili halikutolewa siku ya salama. Halisemi kwamba maji hayatapanda. Lasema ni nani aliye pamoja na watu maji yanapopanda.

Katika Agano Jipya jina hili limeandikwa mara moja tu, katika sura ya kwanza ya Mathayo. Mathayo hakuliacha bila kulifasiri, kwa sababu wasomaji wake wa Kiyunani hawakujua Kiebrania, kama sisi tusivyokijua. Hakuna mtu mwingine katika Maandiko yote aliyeitwa hivyo, wala hatusomi kwamba Bwana wetu aliitwa Imanueli nyumbani au njiani. Lakini Mathayo anakifunga kitabu chake kwa ahadi ya Bwana ya kuwa pamoja na wanafunzi wake hata mwisho. Jina lililo mlangoni mwa kitabu limewekwa tena mwishoni, si kama jina bali kama tendo. Na mwenye kuahidi hivyo ni yeye aliyekwisha kusulubiwa. Hakuambiwa mtu yeyote kwamba Imanueli hafi.

Mtu aweza kuuliza hivi: Je, katika Maandiko hatuoni watu wakieleza majina kwa kufanana kwa sauti? Naam, twaona. Hana alimwita mwanawe Samweli kwa kuwa alimwomba kwa Bwana, na wajuzi wa Kiebrania husema kwamba neno la kuomba liko karibu zaidi na jina la Sauli kuliko la Samweli. Lakini Hana hakuwa akifundisha lugha; alikuwa mama akitoa ushuhuda wake. Mzazi wa Buha akisema, "Nalipenda jina hili kwa sababu nikiliita nasikia Imana," hatumkatazi. Huo ni ushuhuda wake, nao ni mzuri. Mwalimu akisema, "Asili ya jina hili ni Imana," huyo amesema lisilo kweli, hata kama nia yake ni njema. Na watu huliweka tumaini lao juu ya neno la mwalimu.

Tena hatuna haja ya daraja la uongo, maana daraja la kweli lipo, nalo limejengwa kwa miti ya kwetu. Kwanza, watu wa nchi hizi hawashangai jina kuwa sentensi. Hakizimana maana yake "Mungu ndiye aokoaye", na hilo ni kama Elisha kabisa. Habonimana ni "Mungu ndiye aonaye". Aliyezoea majina kama hayo amekwisha kujua nusu ya Kiebrania cha Isaya. Pili, lichungueni neno letu "pamoja". Ni *pa* ya mahali, na *moja*: yaani kuwa mahali pamoja, pasipo pa pili. Warundi husema *hamwe* na *kumwe*, nayo yamejengwa vivyo hivyo, mahali na moja. *Ha* yao ni *pa* yetu, kama vile kupa kwetu kulivyo *guha* kwao. Wakitaka kusema Mungu yu pamoja nasi, husema *Imana iri kumwe natwe*. Na *natwe* ni *na* na *twe*, sawasawa na nasi, sawasawa na *immanu*. Hapo Imana imekaa mahali pake pa haki, kwa kuwa inafasiri *El* na si mwanzo wa jina. Nikifundisha siku hizi, naandika ubaoni sentensi hiyo ya Kirundi, chini yake ya Kiswahili, na chini yake *immanu-El*, nikivuta mistari kutoka neno hadi neno. Darasa hufurahi kuliko lile la zamani, wala hakuna herufi inayobaki bila kazi.

Nilipokwisha kuyajua haya nilishuka Kibirizi kumtafuta yule mvuvi. Ulikuwa wakati wa mbalamwezi, na wavuvi wa dagaa hawakutoka, kwa kuwa taa zao hazifai kitu mwezi ukiwa juu. Nikamkuta akitengeneza wavu. Nikamwambia kwamba nilimfundisha vibaya: Imana haikufichwa ndani ya jina la mwanawe kama dawa ndani ya hirizi, wala jina halikuahidi kwamba mtoto hatafikiwa na homa. Nikamsimulia habari za Ahazi, na za maji yaliyofika shingoni. Habari hiyo hakuhitaji kufasiriwa, maana yeye ni mtu wa ziwa. Akaendelea na kazi yake, kisha akauliza jambo moja tu: "Hiyo 'nasi', mtoto naye yumo?" Nikamwambia, "Yumo. Katika jina lile 'nasi' imetangulia, na yeye ni mmoja wetu." Akaitikia kwa kichwa. Hakuniambia zaidi, nami sikuongeza neno.

Kwa walimu wenzangu nina maneno matatu. La kwanza, mzazi akilichagua jina hili, mwelezeni maana yake yote, pamoja na hofu ya siku lilipotolewa, asije akalitumia kama kinga kisha akalilaumu. La pili, msiseme Imanueli ni Imana wala Imanueli ni imani. Semeni kwamba Imana ni Mungu kwa Kiha na Kirundi, kwamba imani ni ndugu wa Amina, na kwamba Imanueli ni "nasi, Mungu". La tatu ni dogo lakini lina taabu nyingi. Mtoto akiandikwa Imanueli katika daftari la ubatizo, Emmanuel katika cheti cha kuzaliwa na Emanuel katika daftari la shule, siku atakapotafuta kazi au masomo ya juu ataambiwa kwamba hao ni watu watatu, naye itambidi kula kiapo kuthibitisha kwamba ni mmoja. Mwulizeni mzazi analiandikaje, mwonyesheni kwa maandishi, kisha mlishike hivyo hivyo mahali pote. I na E zote ni njema. Lililo baya ni kumpa mtoto mmoja majina matatu kwa uvivu wa kalamu yetu.